Mwanao Ameingia Bendi ya Shule: Yanayosemwa Mtaani na Ukweli Wake

Huku kwetu Igogo, Mwanza, nyumba zinapanda mlima katikati ya majabali, na paa la jirani wa chini liko usawa wa kizingiti chako. Akikaanga sato unajua ametia vitunguu. Basi jioni ile binti yangu wa darasa la tano aliporudi na tarumbeta ya shule imefungwa ndani ya kitenge, habari ilifika kila nyumba kabla hajavua viatu. Ameingia bendi. Zile ngoma na tarumbeta zinazowasindikiza wanafunzi darasani baada ya paredi ya asubuhi, sasa na yeye yumo.

Ushauri ukaanza kuja mlangoni, tena kutoka kwa watu wanaompenda. Mwingi haukuwa sahihi, na mpaka leo nausikia ukirudiwa kwa watoto wa wengine. Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye chombo kimeingia nyumbani kwake wiki hii.

"Atapata ngiri huyo, na kifua kitamharibika"

Bibi yake ndiye aliyeanza. Alisema mtoto wa kike akipuliza chombo kile atashikwa na ngiri, mapafu yatachoka, mashavu yatalegea. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikaenda kuuliza wanaojua.

Ngiri hutokea pale utumbo au nyama ya ndani inapojipenyeza kwenye sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo. Mtoto mwenye afya hapati ngiri kwa sababu ya mazoezi ya tarumbeta, awe wa kike au wa kiume. Anayetakiwa kuonwa na daktari kwanza ni yule ambaye tayari ana ngiri, au amefanyiwa upasuaji karibuni, au ana pumu inayomsumbua. Pumu iliyodhibitiwa vizuri kwa dawa haimzuii mtoto kupuliza.

Na kupuliza kwenyewe si kule tunakodhani. Mtoto hasukumi pumzi kama anayewasha moto wa kuni mbichi. Anabana pembe za mdomo, katikati anapaacha laini, hewa ikipita midomo inatetema: bzzz, kama nyuki aliyenasa kwenye chupa. Sauti inazaliwa hapo, na ule mrija uliokunjwa, ambao ukinyooshwa unakaribia mita 1.5, ndio unaoikuza. Mashavu yakijaa kama puto ujue anakosea, na mwalimu mzuri atamrekebisha mapema.

Wapo pia walioniambia ataambukizwa kifua kikuu na chombo cha shule. Ugonjwa huo hupita hewani, mgonjwa anapokohoa au kuzungumza. Haupatikani kwa kushika chombo. Lakini mafua na vile vidonda vya homa vya mdomoni hupita kwa mate, kwa hiyo kila mtoto awe na kidomo chake, yaani kile kipande kidogo cha kupulizia. Kikioshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kinatosha. Maji yanayodondoka kwenye tarumbeta mwisho wa mazoezi, yale yanayowafanya watu wakunje uso, karibu yote ni mvuke wa pumzi uliopoa ndani ya shaba.

Jambo moja la mwili ambalo kweli lina uzito ni meno. Meno ya mbele ya ukubwani yawe yameshaota kabla ya kuanza tarumbeta au tromboni, maana kidomo kinaegemea hapo. Mtoto mwenye pengo aanze na ngoma au filimbi.

"Hiyo si sauti ya muziki, mwambie aache"

Hapa ndipo watoto wengi wanapopotelea, na naomba nikae kidogo.

Wiki ya kwanza binti yangu alitoa sauti ambayo siwezi kuiita nzuri. Ilikwaruza, ikakatika, ikarudi chini nzito. Watoto wa nyumba ya juu wakamwita ng'ombe wa mnadani. Hakulia. Alisukuma tarumbeta uvunguni, na siku nne haikutoka.

Mimi pia nilidhani hajui kitu, mpaka aliponieleza mwenyewe. Tarumbeta ina pistoni tatu tu, vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole. Bila kubonyeza hata moja, inaweza kutoa do, so, do ya juu na nota nyingine juu yake. Kinachochagua ni midomo na kasi ya pumzi. Kwa hiyo mtoto anakusudia so, inatoka do, na vidole vyake viko sahihi kabisa. Anayepiga kinanda akibonyeza so atapata so siku ya kwanza. Huyu wa tarumbeta anaitafuta gizani kwa wiki kadhaa, na kukosa kwake kote kunasikika mpaka barabarani.

Ndiyo maana mazoezi ya mwanzo hayafanani na wimbo. Ni nota moja ndefu, pumziko, nota moja ndefu. Mzazi anayedai "nipigie wimbo basi" wiki ya pili anaomba mavuno ya shamba lililopandwa jana.

Nilichofanya ni kuwaendea majirani, mlango kwa mlango. Nikasema: "Jirani, mtoto ameanza tarumbeta. Atakuwa anapuliza saa kumi na moja jioni, robo saa, kila siku. Adhana ya magharibi haitamkuta." Mzee wa nyumba ya chini, ambaye nilimwogopa kuliko wote, akaniuliza, "Robo saa tu, mama? Mwache apulize." Walichokuwa hawakijui ni kelele itaisha lini. Wale watoto wa juu nao nikawaita, binti yangu akawapa kidomo wajaribu mmoja mmoja, akikiosha kila baada ya mmoja. Hakuna aliyepata sauti. Jina la ng'ombe likafa siku hiyohiyo.

Robo saa niliyosema haikuwa ya kuwafurahisha majirani. Midomo ni misuli, na ya anayeanza huchoka haraka. Robo saa kila siku ina faida kuliko saa mbili za Jumamosi, na ndani ya hiyo robo saa apumzike karibu sawa na anavyopuliza. Midomo ikifa ganzi, anaweka chini. Akiendelea kwa kulazimisha atakigandamiza kidomo kwenye meno ili nota itoke, na tabia hiyo kuiondoa baadaye ni kazi kubwa. Ukitaka kupunguza sauti usiku, khanga iliyokunjwa kwenye mdomo mpana wa tarumbeta inasaidia, ila inabadilisha sauti na ugumu wa kupuliza, kwa hiyo isiwe ya kila siku.

"Anapiga nje"

Mjomba wake anapiga kinanda kanisani na ana sikio zuri. Jumapili moja alikuja, akamwambia mtoto atoe do. Akatoa. Mjomba akabonyeza C, ile do ya kinanda, akatikisa kichwa. "Dada, huyu yuko nje. Tena nota nzima."

Mtoto akainamisha macho. Nilitaka kumwamini mjomba, kwa sababu kinanda hakidanganyi. Na kweli hakikudanganya, ila tarumbeta nyingi za shule zimetengenezwa kwa ki, yaani sauti ya msingi, ya B flati, nota nzima chini ya C. Nota inayoandikwa C kwenye karatasi ya tarumbeta inasikika B flati kwenye kinanda. Klarineti ya kawaida na saksafoni ya tena ziko hivyohivyo, saksafoni ya alto iko kwenye E flati, lakini filimbi na tromboni husikika kama zilivyoandikwa. Mwalimu wa bendi alipomweleza, mjomba alirudi, akashusha kinanda nusu nota mbili kwa kile kitufe cha kuhamisha ki anachokitumia kila Jumapili kwa ajili ya waimbaji, akabonyeza C yake tena. Sauti mbili zikalala pamoja. Binti yangu akamtazama mjomba wake kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Kama una mtu wa kinanda nyumbani, afahamu jambo hili kabla hajamsahihisha mtoto. Na wale watoto waliokulia kwenye kwaya wakiimba kwa do re mi tayari wana mtaji, kwa sababu do ya solfa inahama na ki. Wameshazoea kwamba do si mahali pamoja pa kudumu.

Wanaosema mtoto "hana sikio" nawauliza: anaongea Kisukuma na bibi yake? Kisukuma ni lugha ya toni, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Mtoto anayekisikia na kukijibu anapima sauti kutwa nzima.

Kununua, na habari ya mafuta

"Mnunulie mpya, hata ya bei ndogo." Mimi ningesema subiri. Tumia ya shule mwaka wa kwanza ikiwezekana. Tarumbeta mpya ya bei ya chini sana mara nyingi pistoni zake hunasa, na mtoto hujilaumu kwa kosa la chombo. Iliyotumika ya mtengenezaji mzuri ni bora, mradi umeikagua. Bonyeza kila pistoni uone inarudi juu bila kusita. Kisha vuta kidogo ule mrija mdogo wa pembeni bila kubonyeza pistoni yake, subiri sekunde mbili tatu, halafu bonyeza: ukisikia "pop" ndogo, pistoni inabana hewa vizuri. Angalia na mrija unaopokea kidomo. Madoa ya rangi ya waridi kwenye shaba ni dalili kwamba inaliwa kutoka ndani.

Mafuta ya kupikia kwenye pistoni, hapana. Yanakauka na kunata. Oili ya pikipiki nayo ni nzito mno. Nimewahi kushika tarumbeta iliyotiwa alizeti kwa nia njema kabisa. Pistoni ya pili ilikuwa imeganda kama mlango uliovimba kwa mvua. Kuna mafuta mepesi maalumu, kichupa kidogo kinadumu miezi.

Mwenye mtoto wa ngoma hahitaji ngoma nyumbani. Fimbo mbili na kipande cha raba ya tairi kilichobandikwa kwenye ubao vinatosha.

"Wamempa ngoma kubwa kwa sababu hawezi kitu"

Mzazi mmoja alikwenda shuleni kulalamika hivyo, na nilimwonea huruma mtoto aliyekuwa amesimama pembeni anasikia. Kwenye gwaride, ngoma kubwa ndiyo miguu ya bendi. Mpiga tarumbeta akikosa nota moja, wimbo unaendelea. Ngoma kubwa ikiyumba, mstari mzima unapoteza hatua. Watu wa Usukumani tusingepaswa kuambiwa hili, sisi ambao majembe ya bugobogobo, ngoma yetu ya kulimia, yanapanda na kushuka kwa kufuata mdundo.

Na wanaosema bendi ni mambo ya kizungu wakumbuke beni. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, watu wa pwani ya Afrika Mashariki walichukua gwaride na tarumbeta za kijeshi wakazifanya ngoma yao, na jina lenyewe wakalitoa kwenye neno bendi. Kukawa na vyama vinavyoshindana, Marini na Arinoti, na Vita ya Kwanza ya Dunia ikaisambaza beni mpaka bara. Aliyewahi kwenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, mwezi Juni wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo, akaona vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wakigombea watazamaji, ataelewa ushindani ule bila kufundishwa. Na matarumbeta yanayozunguka mjini juu ya gari siku ya harusi, hayo nani anayaita ya kizungu?

"Atafeli" na "atakuwa na akili sana"

Zote mbili nimezisikia, wakati mwingine kwa mtu mmoja. Robo saa kwa siku haimfelishi mtoto. Lakini ile ya akili nayo imekuzwa. Mwaka 1993 watafiti huko Marekani waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo muziki wa Mozart, wakapata alama bora kidogo kwenye maswali ya maumbo, kwa dakika 10 hadi 15 tu. Dunia ikaligeuza hilo kuwa "muziki unaongeza akili". Wanafunzi wale walikuwa watu wazima, na walikuwa wanasikiliza, si kupiga. Simuweki mwanangu kwenye bendi ili afaulu hesabu. Nimemweka kwa sababu anapenda.

Cha kuogopa kweli ni masikio, na hicho hakuna aliyenionya. Bendi nzima ikifanya mazoezi ndani ya darasa la bati, kelele inakuwa kubwa mno. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8. Zikifika 100, muda salama ni robo saa. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Ombeni mazoezi yafanyike nje, chini ya mti. Wapiga ngoma wavae vizibo vya sponji vya duka la dawa. Pamba haizuii kitu cha maana.

"Mimi sijui muziki, nitamsaidiaje?"

Hili nililisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa mwalimu wake. Akanijibu nimwombe mtoto anifundishe.

Nikamwomba. Akanipa kidomo, nikapuliza, ukatoka upepo mtupu. "Mama, bana pembeni. Usijaze mashavu." Nikajaribu tena. Upepo. Akanishika pembe za mdomo kwa vidole vyake viwili, vina harufu ya shaba, akasema taratibu, "Sema kama 'mmm', halafu acha hewa ipite." Ikatoka bzz fupi. Akacheka kwa furaha, kisha akachukua tarumbeta, na nota aliyopiga baada ya pale ilikuwa imetulia kuliko zote za wiki ile.

Sasa ndiyo kazi yangu. Saa kumi na moja naacha ninachofanya, nakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Simsahihishi. Namuuliza leo mnafanya sehemu gani, naye anaiimba kwanza, halafu anaipiga polepole, halafu kwa mwendo wake. Do ya juu bado haijakaa. Jana aliipata mara mbili katika tano, na mara ya pili mzee wa nyumba ya chini akapiga kofi moja kutoka uani kwake.