Mlio wa mgongo si mfupa unaorudi mahali pake

Ukijifungua hapa Kisumu, hukosi mama mkwe au jirani wa kukuambia mifupa ya nyonga imehama na lazima irudishwe. Siku hizi wengine huelekezwa kwa mtaalamu wa kairopraktiki. Anausukuma mgongo mpaka ulie "ka!", na mlio huo unachukuliwa kuwa ushahidi kwamba mfupa umerudi.

Sivyo. Mlio hutokana na gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo, ndiyo ileile unayoisikia ukialisha vidole. Homoni za ujauzito hulegeza kano za nyonga ili mtoto apite, kisha kano hizo hukaza zenyewe taratibu kwa miezi kadhaa. Ni nadra kiungo cha mbele cha nyonga kuachana kweli, na hilo huthibitishwa kwa picha hospitalini. Ongeza kunyonyesha umejikunja kwenye kochi na kubeba ndoo ya maji mapema mno (hapo mama mkwe angesaidia zaidi), mgongo utauma tu.

Kusukumwa huko kunaweza kumpunguzia mtu maumivu kwa muda, sikatai. Nguvu, lakini, hurudishwa na mazoezi: lala chali, kunja magoti, kaza misuli kama unayezuia mkojo, hesabu hadi tano, achia. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuongezea mengine.

Usikubali kuzungushwa shingo kwa nguvu, kwani mshipa wa damu unaweza kuchanika. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, ukipata homa, au ganzi baina ya mapaja, sehemu za siri, nenda hospitali siku hiyohiyo.