Kinachoingia Mapafuni si Mchanga

"Daktari, ulikuwa mchanga tu, na nilijifunga kitambaa." Kauli hii huja na karibu kila mgonjwa anayekohoa baada ya dhoruba ya jangwani, na nimechoka kuijibu mmoja mmoja.

Mchanga haufiki mapafuni. Punje yake ni nzito: upepo huirusha, huanguka, huigonga nyingine nayo ikaruka, na nyingi haziinuki kupita kimo cha mtu. Zitakukwaruza ngozi na macho. Zikiingia puani, hukwama humo humo. Lakini kila punje inapoipiga ardhi hufumua vumbi laini lililoshikamana na udongo, na hilo ndilo hupaa kilomita kadhaa angani. Chembe zisizozidi mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hupita koo. Zisizozidi 2.5 hushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa. Unywele wa kichwani una unene wa mikromita 70 hivi, basi kitambaa chenye matundu unayoyaona kwa macho kitazuia nini hapo? Kitakukinga na mchanga, basi. Kwa vumbi, vaa barakoa ya N95, ile inayochuja chembe laini, iliyobana uso pande zote. Mwenye pumu, dawa ya kuvuta ikae mfukoni, si kabatini!

Na upepo ukitulia, msikimbilie kufungua madirisha na kufagia. Mchanga umeshaanguka, ila vumbi laini huelea kwa saa nyingi, pengine siku kadhaa, na ufagio mkavu hulirudisha hewani lile lililokwisha kutua. Futeni kwa kitambaa chenye maji. Wagonjwa wangu wengi huzidiwa siku ya kufanya usafi, si siku ya dhoruba.

Wapo wanaodai dhoruba hizi huletwa na joto na ukame peke yake. Habubu, zile kuta za vumbi zinazojulikana sana Khartoum, huzaliwa na mawingu ya radi: hewa baridi huporomoka kutoka winguni, hutandaa ardhini na kuzoa vumbi mbele yake.

Kukaa mbali na jangwa nako si kinga. Vumbi la Bodélé nchini Chad, sakafu ya ziwa la kale lililokauka, huvuka Atlantiki hadi Amazon.

Madereva nao huegesha pembeni huku taa zikiwaka, ati waonekane. Toka kabisa barabarani, vuta breki ya mkono, zima taa zote na uondoe mguu kwenye breki. Anayekuja nyuma akiona taa nyekundu huzifuata, akidhani gari lako bado linakwenda.