Ile "ed" ya mwisho inatamkwaje? Kwa vijana wanaotembeza wageni Bagamoyo

Nafundisha Kiingereza hapa Bagamoyo na wanafunzi wangu wengi ni vijana wanaotembeza watalii Mji Mkongwe, Kaole na kule Misheni. Ukiifikiria vizuri kazi yao karibu yote iko kwenye wakati uliopita, maana mgeni anataka kujua nani alifika, alikaa wapi, alifia wapi, walimbeba vipi.

Kuandika wengi hawana shida. Wanajua kitenzi cha kawaida kinaongezewa ed, plant inakuwa planted, na kama tayari kina e mwishoni unaweka d tu: arrive arrived, move moved, die died. Tena hakibadiliki kwa nafsi, I arrived, she arrived, they arrived, basi. Ishu inaanza mdomoni.

Sisi tumezoea kusoma neno kama lilivyoandikwa na silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo tukikuta stopped tunasema "stopedi", silabi tatu, wakati lile neno ni silabi moja tu. Walked nayo inakuwa "wokedi". Mgeni atakuelewa ndio, ila anasikiliza kwa kujikaza, na stori nzuri inapungua utamu njiani.

Sasa sikia, ed ina sauti tatu na kinachoamua ni sauti ya mwisho ya kitenzi chenyewe. Weka vidole kooni useme zzz, koo linatetemeka, halafu sema sss, limetulia. Kitenzi kikiishia na sauti iliyotulia kama p, k, f, s, sh au ch, ed inakuwa t: stopped ni "stopt", walked ni "wokt", reached ni "richt". Kikiishia na sauti inayotetemesha, na irabu zote zimo humo, inakuwa d: moved, arrived, stayed, carried. Angalia sauti, usiangalie herufi, laugh imeandikwa gh lakini inasikika f, kwa hiyo laughed inaishia na t. Halafu kuna vitenzi vinavyoishia na t au d, hapo ndipo unaongeza silabi nzima, "id": planted, started, landed, wanted. Sababu iko kwenye ulimi, ukitaka kutamka t halafu d papo hapo ulimi hauna pa kwenda na sikio halipati tofauti, lazima irabu iingie katikati.

Zamani Waingereza wenyewe waliitamka ile e kama silabi kamili. Enzi za Shakespeare ilikuwa inapotea, na washairi waliiweka au kuimeza kutegemea mizani inataka nini, jambo ambalo mtunzi yeyote wa mashairi wa pwani hii atalielewa haraka. Mabaki yake yapo mpaka leo kwenye naked na wicked.

Tahajia nipite haraka. Carry ina konsonanti kabla ya y, inakuwa carried, ila stay ina irabu kabla ya y, inabaki stayed. Stop na plan ni fupi, zinadabo: stopped, planned. Prefer inadabo sababu mkazo uko mwisho, preferred, visit haidabo sababu mkazo uko mwanzo, visited. Travelled kwa l mbili ni ya Uingereza, Wamarekani wanaandika l moja, shuleni kwetu tunafuata Uingereza.

Kingine kinachoniuma nikikisikia ni they did not carried. Did ikishaingia, wakati uliopita umebebwa na yenyewe, ed inaondoka. Na hili sisi tunalo kabisa kwenye lugha yetu, walifika, hawakufika, ile li imetoka ku imekaa, hakuna anayesema "hawakulifika". Kinachotuponza ni swali, sababu sisi tunasema walifika lini na li inabaki palepale, wakati Kiingereza kinasema when did they arrive, bila d.

Kwa muongozaji hii ni ya kila siku. Mkiwa Misheni mgeni anakuuliza, When did Livingstone die? Kwenye swali lake die haina d ya mwisho, lazima uirudishe wewe: He died in 1873. Where did they take the body? Hapo unaendelea, his men walked for months, they carried him to the coast and arrived in Bagamoyo in February 1874. Walked ina t, carried na arrived zina d, zote ziseme fupi. Ila akiuliza Who carried him? usishangae kukuta did haipo, anayeulizwa hapo ni mtendaji mwenyewe, na ed inakaa mahali pake kwenye swali na kwenye jibu: Chuma and Susi carried him, with many others.