Diaspora: asili ni jambo moja, kwao ni jingine

Mjadala kuhusu Wahindi wa Afrika Mashariki ukipamba moto, hakosekani wa kusema, "Hao ni diaspora, kwao ni India." Nusu ya kwanza ni kweli. Ya pili haitokani nayo hata kidogo.

Diaspora ni jamii iliyotawanyika mbali na ilikotoka, na bado vizazi vyake vinajitambua kuwa watu wa asili moja. Basi. Neno ni la Kigiriki, la kutawanya, na kwa karne nyingi lilitajwa hasa kwa Wayahudi walioondolewa katika nchi yao, ndiyo maana hadi leo linabeba hisia za uhamisho na hamu ya kurudi. Serikali zetu nazo hulitumia kwa raia walio ng'ambo wanaotuma fedha. Kwa matumizi yote mawili, nyumbani ni kule.

Hapo ndipo wataalamu walipotia breki. Avtar Brah, mwanasosholojia aliyezaliwa Punjab na kukulia Uganda, mwaka 1996 alitenganisha hamu ya kuwa na mahali pa kupaita nyumbani na hamu ya kurudi nchi ya mababu. Unaweza kuwa na ya kwanza maisha yako yote bila kuwahi kuwa na ya pili.

Watazame Wahindi wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, kwa notisi ya siku 90. Maelfu walikwenda Uingereza, baadhi yao mji wa Leicester, ingawa halmashauri ya mji huo ilikuwa imetangaza katika gazeti la Uganda kuwasihi wasiende. Kuna waliokuwa hawajawahi kuikanyaga India. Walichokikosa ni Kampala na Jinja, na katika migahawa ya Wagujarati kule Uingereza muhogo mpaka leo unauzwa kwa jina la mogo. Asili ya wengi wao Gujarat, makuzi yao Uganda, watoto wao Waingereza. Kauli ya "rudini kwenu" iliwafukuza Kampala, kisha wakaikuta Leicester midomoni mwa wabaguzi wengine.

Kwa hiyo mwite Mhindi wa Kisumu mwanadiaspora ukipenda, hujakosea. Umetaja tu walikotoka wazee wake. Kenya yenyewe iliwatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44 mwezi Julai 2017, na kuhusu kwao ni wapi, wa kuulizwa ni yeye.