Wapiga drams wa zamani walikuwa wanapiga kweli

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: eti wapiga drams wa jazi na bluzi wa mwanzoni mwa miaka ya 1920 walikuwa "wanagonga vibao vya mbao tu", na ushahidi ni santuri zao. Si kweli, na inauma kuona mafundi wale wanadharauliwa hivyo.

Kabla ya 1925 santuri zilirekodiwa bila maikrofoni. Bendi ilipiga mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yenyewe ndiyo iliyoitikisa sindano ichore mfereji kwenye nta. Pigo moja zito la ngoma kubwa, ile ya kukanyaga kwa mguu, liliweza kuirusha sindano na kuharibu kazi ya wote. Kwa hiyo mpiga drams alisogezwa nyuma kabisa, au akaachiwa kibao cha mbao na matoazi.

Angalia picha za bendi za jazi za New Orleans, Marekani, za wakati huo: ngoma kubwa ipo. Kisha linganisha santuri za 1923 na za 1928, maikrofoni zilipokuwa zimeshaanza kutumika: utaisikia tofauti ya drams.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.