Si matunda na maua tu

Pita maduka ya picha ya Mji Mkongwe na mtu anayejigamba kuijua sanaa, utamsikia: picha ya vitu vilivyotulia ni bakuli la matunda na chupa ya maua, zoezi la mwanafunzi asiyeweza kuchora watu. Basi mchoraji akiweka mezani mbuzi ya kukunia nazi, kandambili moja iliyokatika na kichwa cha changu, huambiwa kapotea njia.

Hajapotea. Mwaka 1728 Mfaransa Chardin alipokelewa katika Akademia ya Kifalme ya Paris, na miongoni mwa picha zilizomfungulia mlango ni ya samaki taa aliyepasuliwa, matumbo nje, paka kasimama juu ya chaza. Ndiyo, taa, kama wale tunaowaona Darajani! Picha hiyo sasa iko Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Naye Giorgio Morandi, mchoraji wa Bologna, Italia, alichora chupa na makopo yaleyale miaka nenda miaka rudi. Kilichomshughulisha ni mpangilio, uwazi kati ya kitu na kitu, na mwanga.

Rangi ya mafuta inaifaa kazi hiyo ya taratibu. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hayakauki kama maji juani. Huvuta oksijeni hewani yakawa magumu, na huchukua siku kadhaa. Mchoraji hupata muda wa kufuta, kulainisha kingo, kuurudia mng'ao wa magamba. Ila changu mwenyewe, kwa joto letu, hangoji. Achorwe yeye kwanza, kandambili itasubiri.