Mtoto akinywa mafuta ya taa, maziwa si dawa

Mtoto akinywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, wengi hukimbilia kumpa maziwa au kumtapisha. Ni hofu ya mzazi, inaeleweka. Lakini maziwa hayaui sumu hiyo. Yanajaza tumbo na kuchochea kutapika. Kutapika ndiko kubaya zaidi: mafuta haya ni mepesi, yakipanda kooni huteleza hadi mapafuni na kuyaunguza. Atakohoa, atapumua harakaharaka, mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi. Dalili huweza kuchelewa saa kadhaa, kwa hiyo mpelekeni hospitali mara moja hata kama anacheza. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa sabuni; akilegea, mlazeni ubavu. Chupa nayo ichukueni, daktari aione.